Paka wa Mwisho Gatini

Ukiufuata mto Merrimack kutoka hapa Lowell, ambako Wakenya tumekuwa wengi kiasi kwamba unga wa ugali hautafutwi mbali, unafika baharini kwenye mji mdogo wa Newburyport. Mwaka 1992 ufukwe wa mji huo ulikuwa na paka wapatao 300 wasio na mwenyewe. Pwani kwetu tungesema paka shume: hawashikiki, ukiwasogelea wanatimka. Wenye mikahawa walilalamika. Mwaka 2009 alikufa paka wa mwisho wa ufukwe huo, dume aliyepewa jina la Zorro, akiwa na miaka 16. Si sumu iliyowamaliza, wala bunduki. Walizeeka.

Ndugu na marafiki huniuliza ni kazi gani hii ninayofanya, ya kukesha na mitego ya paka nyuma ya maduka. Jibu langu huanzia Newburyport.

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine hata kabla hajaachisha watoto kunyonya. Ukiwaondoa kumi leo na majalala ya samaki yakabaki palepale, waliosalia watazaa na wengine watahamia. Mitaa mingi imehangaika hivyo kwa miaka, kila msimu ikianza upya. Kumbe cha kuzuia ni uzazi.

Kwa hiyo chama cha wenyeji kilichoanzishwa Newburyport mwaka 1992, Merrimack River Feline Rescue Society, kilishika njia ambayo Uingereza na Denmark zilikuwa zimeshaianza: kamata, funga uzazi, chanja, rudisha pale ulipomtoa. Watoto wadogo na wale waliokuwa wamezoea watu walitafutiwa nyumba. Hao walikuwa kama theluthi moja ya waliokamatwa. Mtoto wa paka huzoea binadamu kwa urahisi kati ya wiki ya pili na ya saba. Akipita hapo akiwa porini, kumfungia sebuleni ni kumtesa, ndiyo maana wakubwa walirudishwa gatini.

Kazi yenyewe iko hivi. Siku moja kabla, chakula kinaondolewa ili paka awe na njaa. Jioni unatandika gazeti ndani ya mtego, unaweka sadini mwishoni kabisa, nyuma ya kibao kinachofyatua mlango, halafu unakaa kwenye gari bila redio. Anaingia mguu mmoja, anatoka, anazunguka, anaingia tena. Mlango ukianguka huwa anajirusha huku na huku kwa nguvu inayotia huruma. Hapo unamfunika haraka. Mimi hutumia khanga kuukuu ya mama, na kila mara nashangaa: giza likishuka juu yake, anatulia. Asubuhi daktari anampa nusukaputi, anamfunga uzazi, anamchanja kichaa cha mbwa, na kabla hajazinduka anamkata ncha ya sikio, kama sentimita moja, iwe alama kwa wote watakaomwona baadaye kwamba huyu tayari.

Lakini mtego ni kazi ya siku chache. Kilichoibeba Newburyport ni miaka iliyofuata. Ndani ya miaka michache paka wote wa ufukwe ule walikuwa wameshafungwa uzazi; baada ya hapo watu waliojitolea walibeba chakula na maji kwenye vituo vyao, theluji au mvua, kwa zaidi ya miaka kumi. Anayelisha paka walewale kila siku anawajua kwa sura. Mgeni akitokea, pengine ametupwa na aliyehama nyumba, anaonekana siku hiyohiyo, na mtego unarudi. Walishaji hawa, ambao kwingine hufukuzwa kama wachafuzi, ndio waliokuwa macho ya mpango mzima.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Ng'ambo tu ya Newburyport kuna hifadhi ya Parker River, ambako ndege adimu hutaga mchangani. Kituo cha kulishia paka hakina haki ya kuwa karibu na hapo. Nakubali bila ubishi.

Shangazi yangu aliyeko Lamu, mji uliojaa paka kila kichochoro, alinipinga kwa njia nyingine. "Mwanangu, mnyama kaumbwa azae. Wewe wamkata kizazi kwa nini?" Nilimkumbusha hadithi anayoijua kuliko mimi, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Nikamuuliza kuhusu vitoto vinavyotiwa guniani na kutoswa majini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza daktari hutoza kiasi gani.

Jana alfajiri nilimrudisha jike mmoja wa kijivu nyuma ya duka la mikate. Nilipofungua mlango hakukimbia mara moja. Alisimama juu ya khanga, sikio lake fupi limeelekea barabarani, kisha akapita chini ya uzio na kurudi kwenye boksi lake.