Beatrice Tinsley: Mama aliyezihesabia galaksi umri

Ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi, utaona karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa baharini. Inayong'aa utasema iko karibu, inayofifia utasema iko mbali. Lakini mvuvi mzoefu atakuuliza: nani kakwambia zote zina mwanga sawa? Huenda ile hafifu iko jirani tu, ila haijapigwa pampu vya kutosha.

Swali kama hilo ndilo Beatrice Tinsley alilowauliza wanaastronomia katika miaka ya 1960. Wakati huo wakubwa wa fani, akiwemo Allan Sandage, walikuwa wakizitumia galaksi kubwa kama taa za kupimia umbali. Walichukulia kwamba mwanga wake haubadiliki sana, hivyo kufifia kwake kungewaonyesha ulimwengu unatanuka kwa kasi gani, na kama siku moja utaacha kutanuka. Tinsley akasema: galaksi huzeeka. Usipojua umri wa taa, umbali wake utakudanganya.

Hakusema kwa kubahatisha. Itazame Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu walilifuata kujua majira. Nyota zake angavu ni za buluu kwa sababu ni changa, ni kubwa, na zinakula haidrojeni yake kwa pupa. Nyota za namna hiyo hufa mapema. Ndogo nyekundu, zinazotumia akiba yake kidogo kidogo, ndizo zinazobaki. Kwa hiyo galaksi iliyoacha kuzaa nyota hupoteza ubuluu wake, ikawa nyekundu na kufifia. Tinsley alikokotoa kwa kompyuta hatua hizo zote: gesi inageuka nyota, nyota zinakufa na kurudisha gesi yenye elementi mpya, na rangi ya galaksi nzima inabadilika kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo ilikuwa tasnifu yake ya uzamivu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1968.

Alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1941, akakulia New Zealand. Mwaka 1963 alihamia Dallas, Marekani, kumfuata mumewe aliyepata kazi huko. Yeye mwenyewe alisoma Austin, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, akawa mtu wa kwenda na kurudi. Aliporejea Dallas na shahada yake hakupata kazi ya kudumu. Miaka ikapita akiwa analea watoto wawili wa kuasili, anaandika makala za kisayansi, na anabisha milango isiyofunguka. Kila nikiisoma sehemu hii naumia. Akili iliyoweza kufuatilia maisha ya mabilioni ya nyota ilikosa kiti na meza.

Mwaka 1974 ndoa yake ilivunjika, na watoto wakabaki na baba yao. Mwaka huohuo yeye na wenzake watatu, Richard Gott, James Gunn na David Schramm, walikusanya ushahidi uliokuwapo, wakahitimisha kwamba ulimwengu utaendelea kutanuka bila kikomo. Chuo Kikuu cha Yale kikampokea, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa astronomia chuoni hapo. Mwaka mmoja kabla, yeye na mwenzake Richard Larson walikuwa wameandaa hapo mkutano mkubwa kuhusu mabadiliko ya galaksi. Lililokuwa swali la mwanafunzi lilikuwa sasa tawi zima la elimu.

Leo darubini ya anga ya James Webb inatuletea mwanga wa galaksi zilizokuwapo ulimwengu ukiwa mchanga mno. Wataalamu wanaposoma rangi zake ili wajue zimebeba nyota ngapi na za umri gani, wanafanya hesabu za ukoo wa zile alizoanzisha yeye.

Yeye mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Saratani yake ya ngozi iligundulika mwaka uleule wa 1978 alipopata uprofesa. Ugonjwa ulipopanda hadi kichwani na mkono wa kulia ukashindwa kushika kalamu, alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Makala yake ya mwisho ya kisayansi aliiandika hivyo. Alifariki Machi 23, 1981, akiwa na miaka 40, na makala hiyo ikachapishwa yeye akiwa ameshazikwa.