Msaji wa Plastiki Katika Ziwa Naivasha

Wenzangu wa pwani, kila wakisikia kwamba naishi Nakuru, huniuliza habari za baridi na za ndege heroe. Hakuna anayeniuliza habari za matanga. Lakini matanga yapo huku. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na humo hupita mashua ndogo za tanga za watu wanaojiburudisha. Tena mwaka 1937 ndege za Imperial Airways, zile zenye kutua majini, zilianza kushuka hapo na abiria wa Nairobi. Ziwa hili limezoea vyombo vya ajabu.

Ami yangu, fundi wa vyombo kutoka Lamu, alipokuja kunitembelea, bwana mmoja mwenye mashua alituita Naivasha. Sitaha ya chombo chake ilikuwa ya msaji wa zamani, nayo ilivuja. Alitaka kuifunika kwa plastiki iliyofanywa ifanane na msaji, akatuonyesha kipande chake: rangi ya asali, na mistari myeusi imenyooka sawasawa.

Ami alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Akauliza, "Bwana, mistari hii ni ya nini?"

"Ni urembo tu, mzee."

Ami akacheka. Katika sitaha ya mbao mstari ule ndio kalafati, mahali ambapo ubao na ubao hukutana na fundi akaziba maji yasipite. Hapa hapakuwa na ubao wala mwanya, ila picha ya kalafati.

Hata hivyo hakuitukana plastiki. Msaji una mafuta yake mwenyewe ndani ya nyama yake, hauozi upesi, wala hautelezi ukilowa. Ndiyo sababu mafundi wa Ghuba waliagiza msaji wa Malabar tangu zamani. Lakini ni ghali. Ule wa Burma umezidi kuwa na matatizo tangu mapinduzi ya mwaka 2021, Marekani na nchi za Ulaya zilipoliwekea vikwazo shirika la mbao la serikali ya huko. Plastiki haitaki kupakwa mafuta, na kwa kuwa hugandishwa kwa gundi, sitaha haitobolewi matundu ya skrubu ambayo baadaye hupitisha maji.

Ami alimsimulia pia habari za Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 chini ya fundi Ali Skanda. Limeundwa kwa taka za plastiki, na mwaka 2019 lilisafiri mpaka Unguja. "Ile ni plastiki iliyookotwa," alisema, "na mkuku na mataruma yake yamechongwa na mafundi. Hii yako ni mpya kutoka kiwandani, na ikichakaa itakuwa taka. Basi tuijaribu."

Akaweka kile kipande juani pamoja na kibao cha msaji. Jua la Naivasha, msomaji, lisikudanganye kwa ule upepo wake wa baridi. Saa saba mchana ami alimwomba bwana yule avue viatu akanyage. Juu ya msaji alisimama. Juu ya plastiki aliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto!

Nilidhani biashara imekwisha. Kumbe ami alikuwa na neno kubwa zaidi: hafuniki asichokiona. Tuling'oa mbao za mbele, na chini yake tukakuta boriti mbili zimeoza kiasi cha kuingia kidole. Kama tungegandisha plastiki juu yake, sitaha ingependeza kwa macho huku chombo kikifa chini ya miguu ya wanaokipanda. Bwana yule alinyamaza kitambo.

Boriti zikabadilishwa. Alichagua plastiki ya rangi ya kijivu hafifu, ambayo haishiki joto sana, akaiweka omo peke yake. Tezini, anapokaa na wajukuu wake, mbao nzima za msaji zilirudishwa na kutiwa kalafati upya. Mimi ningeurudisha msaji kote, lakini kisima cha fedha kilikuwa chake.

Ami aliomba mbao zilizosalia ziwe sehemu ya ujira. Tulizifunga kwa kamba juu ya basi, na huko Lamu amezichonga marufaa mbili za kuwekea Msahafu. Moja iko chuoni kwa watoto. Ukiitazama ubavuni utaona bado ina alama nyeusi ya kalafati.