Una Mguu wa Kuku wa Leseni Huku Malindi? Chumvi Itakufikia Kabla ya Jambazi

Ukitaka kujua bahari ya Malindi hufanyia chuma nini, usiulize mtu wa bunduki. Uliza mwenye boda anayelala upande wa Casuarina. Cheni inaoza ukiangalia, spoki zinabadilika rangi, na mabati ya juzi tu tayari yana rangi ya chai ya rangi. Ukisonga juu hadi Gongoni na Marereni, kule kwa mashamba ya chumvi, hata kitasa cha geti kinakulilia ukikifungua.

Sasa kuna msee atapata leseni, anunue bastola kwa pesa ndefu, aivalishe taa, leza na kile kikioo cha doa jekundu kama zile za TikTok. Halafu anaiweka kwa droo ya kitanda, ndani ya ala ya ngozi, na anaisahau hapo masika yote. Siku anaitoa, imeota vipele vya kutu. Ile taa bado inawaka poa kabisa, shida ni mashine yenyewe.

Tuongee ukweli, wengi wetu tunaosoma hii hatutawahi kumiliki mguu wa kuku, na hakuna noma. Lakini una mjomba anayo, ama bosi, ama unamwendeshea mheshimiwa gari, ama wewe ndio unafagia chumba inapolala. Hii maneno inakuhusu zaidi ya vile unadhani.

Kwanza leseni, tumalizane nayo. Kenya, bastola ya raia inasimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ndio hukupiga msasa. Hiyo sio haki yako ya kuzaliwa, ni ruhusa, na inaweza kurudishwa. Desemba 2018, Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, aliamua kila raia mwenye leseni akaguliwe upya, na watu wazito walipiga foleni kama sisi wa Huduma Center. Karatasi yako inataja silaha gani na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo. Kwa hivyo ukiongeza magazini ya pili, hujaongezewa idadi ya risasi. Na huwezi kumwazima binamu yako mwenye harusi Watamu, hata akuite kaka mara mia.

Kuhusu aina, sitapoteza wakati. Wakenya tumezoea kuita karibu kila bastola Ceska, jina lililotoka kwa kampuni ya Kicheki ya Česká zbrojovka, wale wa CZ 75 ya mwaka wa 1975. Hiyo ya kwanza ni chuma tupu. Glock, iliyotokea Austria miaka ya mapema ya 80, ina fremu ya plastiki ngumu, na watu wa Pwani huipenda wakidhani plastiki haishiki kutu. Ni kweli, plastiki haishiki. Lakini mtutu ni chuma, springi ni chuma, pini ni chuma, na kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua ni chuma. Halafu kuna Beretta, ya Waitaliano, ambao Malindi tumekaa nao hadi mama mboga anajua kuhesabu bei kwa Kiitaliano. Hiyo familia ina risiti ya mwaka wa 1526 ya kuuzia Venice mitutu. Vasco da Gama alikuwa amepita hapa Malindi mwaka wa 1498, yaani miaka 28 tu kabla. Nimeona niwaambie, haina uhusiano na kutu.

Zote tatu ni mashine za kuaminika zikitoka kiwandani. Kwa hivyo swali sio utaongeza nini ndio ifanye kazi. Inafanya kazi tayari. Swali ni utaweka nini kando yake ndio isiharibike, isiibwe, na isikupige wewe mwenyewe.

Na hapo ndio pesa yako ya kwanza inafaa kuingia: holsta, ile ala ya kubebea. Sio taa. Sio leza. Holsta.

Kuna jamaa wa Marekani, Plaxico Burress, staa wa mpira wao ule wa kushika mkono, bingwa kabisa. Novemba 2008 aliingia klabu New York na Glock ameidunga kiunoni kwa suruali ya treningi, bila holsta. Ikateleza. Akaikimbiza na mkono, kidole kikagusa traiga, akajipiga risasi ya paja. Leseni yake ya Florida ilikuwa imeisha, na New York hata hakuwa na ruhusa. Alifungwa miaka miwili na kazi ya timu ikaenda. Sasa hebu toa New York uweke Mtwapa Jumamosi saa nane usiku, watu wamebanana, joto, vinywaji, na msee amedunga chuma kwa kaptura ya bichi. Unaona picha?

Holsta nzuri hufanya mambo mawili ambayo hayana mjadala. Inafunika traiga kabisa, na inashika bastola hata ukiinama, ukikimbia au ukipanda matatu. Ukiigeuza juu chini na silaha ikiwa tupu, haifai kuanguka. Hapo kwa ngozi ama plastiki ya aina ya Kydex, watu wa bara watakwambia ni suala la ladha. Huku kwetu sio ladha. Ngozi inakunywa jasho, na jasho ni maji na chumvi. Ukivaa siku nzima Kilifi mwezi wa pili, jua la kaskazi likikuangalia, ile ngozi inakuwa kitambaa cha maji ya chumvi kilichofungwa kwa chuma chako. Ile plastiki unaisuuza, unaipangusa, umemaliza. Kama wewe ni mtu wa ngozi kwa sababu ya swaga, basi vaa, lakini usiku vitu viwili hivyo vilale mbalimbali.

Na ununue mshipi wa ukweli. Mshipi laini wa mtumba unapinda, bastola inaning'inia, kila mtu kwa foleni ya M-Pesa anajua unacho. Shukani, kikoi na kaptura ya bichi havijatengenezwa kubeba kilo karibu moja ya chuma na risasi. Kama mavazi ya siku hayawezi kuificha na kuishika, hiyo siku iache nyumbani imefungiwa. Najua kuna mashefa hawataki kusikia hivyo.

Tukirudi kwa kutu, dawa yake ni bei ya chini kuliko kitu kingine chote hapa, na ndio maana hakuna mtu hukuuzia kwa mbwembwe. Kitambaa kisafi, brashi ya mtutu, na mafuta ya bunduki yenyewe. Mafuta ya nazi hapana. Najua Mpwani anapaka nazi kwa nywele, ngozi na samaki, lakini kwa bastola yanaganda na kunata. Na usimwage mafuta kama unakaanga viazi karai. Utando mwembamba tu, kwa sababu mafuta mengi yanashika mchanga, na mchanga wa Malindi unaingia hata kwa simu iliyofungwa. Ukiibeba mwilini, ipanguse kila jioni. Ukiiweka tu, ifungue mara moja kwa wiki uiangalie. Kutu huanza pale macho hayafiki: springi ya magazini, skrubu ndogo, chini ya vilengeo, ndani ya tundu la mtutu.

Na kila mara kabla ya kitambaa: toa magazini, vuta nyuma, angalia kwa macho chumba kiko tupu, kisha angalia tena. Kidole mbali na traiga, mtutu mahali hakuna mtu. Hata kama uliitoa risasi dakika mbili zilizopita. Ajali nyingi za kusafisha huanza na yule anayejua "haina kitu".

Kitu cha pili cha kuweka pesa ni sefu. Hapa sina mchezo. Sheria inataka mwenye leseni aiweke silaha yake salama wakati wote, na droo ya kitanda sio salama. Juu ya kabati sio salama, mtoto wa miaka mitano anapanda kabati akitafuta biskuti. Chini ya godoro ndio mahali pa kwanza mwizi huangalia. Nyumba nyingi za huku ziko wazi, madirisha ya kupitisha upepo, wageni wanaingia na kutoka, watoto wa majirani wote ni wako. Sefu ndogo ya chuma, iliyofungwa kwa boliti ukutani ama sakafuni, ndio inamaliza hiyo hesabu. Isipofungwa kwa boliti, umemfungashia mwizi mzigo.

Lakini sefu ina ujanja wake Pwani. Ni sanduku lisilopitisha hewa, na unyevu ukiingia umeingia. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja kwa boksi la viatu, vilivyoandikwa usile, vinafanya kazi kwa kiasi, ila hujaa maji na kuchoka. Nunua vile vikubwa vinavyobadilika rangi vikishiba, unavikausha kwa joto na kuvirudisha. Na neno la siri la sefu lisiwe mwaka uliozaliwa, tafadhali, familia yote inaujua.

Sasa zile za kuonekana. Taa ya kushikilia kwa bastola inauzwa sana, na ina shida moja ambayo wauzaji hupita nayo haraka: ukitaka kuona nani anabisha usiku, itabidi umwelekezee mtutu. Stima zikipotea, na zinapotea, huyo anayegusa mlango anaweza kuwa dada yako ametoka kazi hotelini. Tochi nzuri ya mkono inamulika bila kumlenga mtu. Nunua hiyo kwanza.

Redi doti, kile kikioo cha doa jekundu, inasaidia kweli, hasa macho yakianza kuzeeka. Lakini inataka betri, inataka mazoezi, na huku inaingia ukungu. Unajua vile miwani hufanya ukitoka supamaketi yenye AC ukakutana na joto la nje? Ndio hiyo hiyo. Vilengeo vya kung'aa gizani vyenye tritiamu havina betri na havisumbui, ila mwangaza wake unafifia pole pole, karibu nusu kwa kila miaka 12 hivi. Leza mimi naona ni ya muvi.

Magazini ya ziada ina maana kuliko vyote vitatu, kwa sababu bastola nzuri ikikwama, mara nyingi shida ni magazini. Chukua ya kampuni iliyotengeneza bastola, kutoka duka lenye leseni. Na risasi pia huchoka na unyevu, kwa hivyo zile za kubeba zisikae miaka. Ukiona moja imesukumwa ndani kuliko wenzake, kwa sababu umeipakia na kuitoa kila siku, iweke kando. Ikifyatuliwa hivyo presha inaweza kupanda vibaya.

Kuna vitu usiguse kabisa. Sailensa, kwanza. Kwa boda, sailensa inabadilishwa ndio ipige kelele hadi Mnarani isikie, na mbaya zaidi utapigwa faini. Kwa bunduki, kifaa cha kupunguza mlio kinahesabiwa na sheria yetu kama silaha chenyewe, kwa hivyo ukiagiza kwa mtandao sio "kaspea" hicho. Kitu chochote cha kuifanya ipige mfululizo, hiyo ni jela moja kwa moja. Namba za usajili zisikwaruzwe hata na mchanga. Na usipeleke traiga kwa fundi mwenye tupa ati ailainishe. Traiga nyepesi kupita kiasi inafyatuka ukishtuka, na siku ya kortini wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini uliifanya iwe rahisi kuua. Utajibu nini?

Kama bado una pesa baada ya holsta, sefu na mafuta, peleka kwa mazoezi. Hili ndilo gumu kwa mtu wa huku, kwa sababu mchezo wa kulenga umekolea zaidi kule Kirigiti, Kiambu. Kutoka Malindi ni kilomita kama 120 hadi Mombasa kabla hata hujaanza safari ya bara. Lakini kumbuka Westgate, Septemba 21, 2013. Abdul Haji, kabla awe seneta wa Garissa, aliingia pale na bastola yake ya leseni akimtafuta ndugu yake, na akasaidia watu kutoka. Picha zake zilizunguka dunia. Hakuna aliyeuliza bastola ilikuwa na taa ya kampuni gani. Alijua kuitumia, na alijua nani wa kutomlenga.

La mwisho ni la barabarani, maana ukielekea Garsen rodbloki hazikosi. Leseni ikae upande mmoja wa mwili na bastola upande mwingine, ndio usipeleke mkono kiunoni ukitafuta karatasi mbele ya karao mwenye G3. Teremsha kioo, mikono yote juu ya usukani, mwambie afande mapema kwamba una silaha, una leseni, na kila moja iko wapi. Usiguse hadi akuambie. Na punguza hiyo bango kwanza, afande hasikii.