Kuchuja Maoni Taka Katika Tovuti: Suala la Mofolojia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili tatizo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, nalo ni la maoni taka, yaani maandishi yanayopachikwa na programu, si na wasomaji, chini ya makala za tovuti kwa lengo la kutangaza biashara au kueneza viungo vya tovuti nyingine. Dai letu ni kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya kiisimu. Chujio lililofunzwa kwa maandishi ya Kiingereza haliwezi kuhamishiwa kwenye Kiswahili bila kuleta madhara, na madhara hayo ni ya aina mbili: taka kupita, na maoni halali kutupwa. Hili la pili ndilo zito zaidi, kwani anayetupiwa maoni yake mara nyingi hapewi taarifa. Huona kimya tu, akadhani amepuuzwa.

2.0 Namna taka zinavyoilemea tovuti

Ukurasa unaosomwa tu hauisumbui sana seva. Huandaliwa mara moja, nakala yake ikahifadhiwa, na kila msomaji ajaye akapewa nakala ileile. Maoni hayapokelewi hivyo. Kila yanapoletwa, programu huamshwa, hifadhidata hufunguliwa, maandishi hukaguliwa na kuandikwa, msimamizi hupelekewa barua pepe, na nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa hufutwa ili iandaliwe upya. Kwa hiyo hata maoni yanayokataliwa mwishoni huwa yamekwisha kula nguvu ya mashine. Programu moja inapoleta mamia ya maoni kwa dakika, wasomaji halali hungoja foleni nyuma yake, na tovuti huonekana kama imelala.

Chanzo cha gharika hii kinafahamika. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupima umuhimu wa ukurasa kwa kuangalia viungo vinavyouelekea. Kiungo kikawa mali, na penye mali wezi hawakosi. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana juu ya alama inayotiwa kwenye kiungo ili kisihesabiwe katika upimaji huo. Taka hazikukoma, kwani gharama ya kuzituma ni ndogo mno hata mtumaji hana haja ya kuchagua pa kuzituma.

Kutokana na hayo, vizuizi vya bei nafuu hutangulizwa mlangoni, kabla hifadhidata haijafunguliwa: kisanduku cha mtego ambacho jicho la binadamu halikioni lakini programu hukijaza, kipimo cha muda kati ya kufungua ukurasa na kutuma maoni, ukomo wa maoni kutoka anwani moja, na kuzifungia makala za zamani zisipokee maoni mapya. Hakuna isimu hapo. Isimu huanza pale maandishi yaliyovuka mlango yanapopaswa kusomwa.

3.0 Uchujaji wa kitakwimu

Njia iliyoenea ya kusoma maandishi hayo inatokana na kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Katika barua pepe ilipata umaarufu kwa makala ya Paul Graham ya mwaka 2002. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme neno "zawadi" limo katika maoni 40 kati ya 100 ya taka, na katika maoni 2 kati ya 100 ya halali. Ikiwa aina zote mbili huja kwa wingi ulio sawa, maoni yenye neno hilo yana uwiano wa 20 kwa 1 wa kuwa taka. Tuseme tena kwamba maoni hayohayo yana neno "ngeli", linaloonekana katika halali mara tano zaidi ya katika taka. Uwiano hushuka hadi 4 kwa 1. Chujio huendelea hivyo neno kwa neno, kisha hutoa hukumu.

Msingi wa hesabu hii ni dhana ya neno, na dhana hiyo haikujadiliwa. Ilichukuliwa tu kuwa neno ni kile kilicho kati ya nafasi mbili. Wanaisimu wa Kibantu wamebishana juu ya jambo hilo kwa miongo mingi, nao wangeweza kutahadharisha mapema.

4.0 Neno la Kiswahili mbele ya chujio

Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupata ushindi kina maumbo manne tu. Mzizi -shind- ukipewa viambishi sita vya nafsi na vitano vya njeo na hali (-li-, -na-, -ta-, -me-, -ki-) hutoa maumbo 30, kabla hatujagusa yambwa, ukanushi, urejeshi wala kauli za mnyambuliko. Kwa chujio, "umeshinda", "mmeshinda", "utashinda" na "umeshindiwa" ni maneno manne yasiyo na udugu. Ushahidi ambao ungekusanyika mahali pamoja hutawanyika, na kila umbo huonekana mara chache mno kuweza kutegemewa.

Mtu anaweza kupendekeza kwamba viambishi viondolewe na ubaki mzizi. Pendekezo hili huvutia, lakini mfano uleule unalipinga. "Umeshinda milioni kumi" ni lugha ya tapeli, "Umeshindaje?" ni salamu ya jioni. Kinachotenganisha sentensi hizi, mbali na muktadha, ni kiambishi -je, ambacho mng'oa viambishi angekitupa kwanza. Salamu ya mwungwana na ahadi ya mwongo zingewekwa kapu moja.

Njia tunayoiona kuwa bora ni kuacha dhana ya neno na kuhesabu mifuatano ya herufi. Tukichukua herufi tano tano, "umeshinda" hutoa vipande vitano: umesh, meshi, eshin, shind, hinda. "Umeshindaje" hutoa hivyohivyo pamoja na indaj na ndaje. Undugu wa maumbo hayo huhifadhiwa, na tofauti yao pia. Zaidi ya hayo, njia hii haiyumbishwi sana na tahajia za vijana kama "cjui" na "xaxa", wala na kuchanganya msimbo, mambo ambayo mng'oa viambishi hayawezi.

5.0 Lugha nzima kutiwa hatiani

Kuna hatari nyingine, na hii haitokani na mofolojia. Katika mpango wa Graham, neno lisilowahi kuonekana hupewa uwezekano wa 0.4 wa kuwa taka, na hukumu hutolewa kwa kuangalia maneno 15 yaliyo mbali zaidi na kati, yaani 0.5. Maoni ya Kiswahili yakifika kwenye chujio lililosoma Kiingereza pekee, maneno yote 15 yatakuwa na 0.4, na matokeo yake ni chini ya 0.003. Yaani Kiswahili chochote hupita, kiwe cha profesa au cha tapeli.

Hali hiyo haidumu. Msimamizi asiyejua lugha huona taka za Kiswahili zimepita, akazitia alama, na chujio likajifunza. Lakini linajifunza nini? Kama Kiswahili pekee lilichowahi kusoma ni cha taka, maneno yatakayopata hatia kubwa ni yale yaliyo mengi: "na", "ya", "kwa", "ni". Kuanzia hapo, mwanafunzi anayeuliza swali la sarufi hukataliwa kwa sababu ametumia kiunganishi. Dawa yake si ngumu, ingawa hupuuzwa. Lugha ya maoni itambuliwe kwanza, kisha kila lugha iwe na hesabu zake, nazo zianzishwe kwa kulisha chujio Kiswahili halali cha kutosha kabla ya kulionyesha taka.

6.0 Pale ambapo maneno yote hayana hatia

Tumalizie kwa mfano uliotoka nje ya tovuti, katika simu za mkononi za Tanzania, ambako ujumbe wa "Ile pesa tuma kwenye namba hii" umejulikana kwa miaka mingi. Hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mtu mwema hatumii kila siku. Ulaghai umo katika kionyeshi "ile", kilichotangulizwa mbele ya nomino, ambacho hudokeza kwamba pesa hiyo imekwisha kuzungumzwa. Hakuna salamu wala jina. Ujumbe unapelekwa kwa maelfu, na miongoni mwao hakosekani mwenye deni la kodi au karo aliyekuwa anangoja namba ya kutumia. Yeye mwenyewe ndiye anayekipa kionyeshi hicho kirejelewa chake.

Hesabu ya maneno haiwezi kuunasa ujumbe huu, na hesabu ya herufi vilevile haiwezi. Kinachoweza kuufichua ni ukweli kwamba sentensi ileile, au iliyobadilishwa tarakimu tu, imepokelewa na watu wengi ndani ya muda mfupi. "Ile pesa" halisi husemwa kwa mtu mmoja. Kwa hiyo chujio la Kiswahili, liwe la tovuti au la simu, linahitaji kulinganisha nakala na nakala kabla ya kupima msamiati. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mashine, nayo inaweza kufanyika mlangoni, pamoja na ule mtego wa kisanduku.