Mgonjwa wa Saratani, Ndugu Zake na Daktari: Mazungumzo ya Matibabu Mkoani Mara

Mazungumzo kuhusu saratani mkoani Mara huwa ya watu watatu tangu mwanzo. Mgonjwa wa Musoma, Bunda au Butiama anapoingia kwa daktari bingwa, nyuma yake yupo mtoto, mke, shemeji au dada, na huyo ndiye anayebeba faili na ndiye aliyetafuta nauli. Mara nyingi ndiye pia anayesikiliza, kwa sababu mgonjwa ana maumivu au ana hofu. Matibabu huenda vizuri zaidi pale wote watatu wanapoachana wakiwa wameelewa jambo moja.

Safari yenyewe huanzia zahanati, ikapitia hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma. Kinyama hukatwa kwa ajili ya kipimo, majibu yakionyesha saratani rufaa huandikwa kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa barabara. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na ina dawa za saratani pamoja na mionzi. Kwa miaka mingi kabla mionzi haijafika Bugando, mtu wa Mara aliyehitaji mionzi hakuwa na pa kwenda nchini isipokuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Umbali umepungua sana, lakini bado maelezo hutolewa Mwanza, ilhali homa, kutapika na maumivu ya usiku humkuta mgonjwa akiwa kijijini kwake.

Maelezo hayo hayakai kichwani kirahisi. Mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alipitia tafiti za kumbukumbu za wagonjwa na kuonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya wanayoambiwa na wataalamu wa afya husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayokumbukwa hukumbukwa kimakosa. Hofu huzidisha hali hiyo: mtu akishasikia kwamba ana saratani, akili hushika jambo hilo moja, na maneno yanayofuata humpita. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Daktari huuliza kabla mgonjwa hajainuka: “Mama, ukifika nyumbani mzee akikuuliza daktari kasemaje, utamjibu nini?” Jibu lake huonyesha mara moja kilichoeleweka na kilichopotea, na kilichopotea hurudiwa. Dakika mbili hizo ni bora kuliko nusu saa ya maelezo yasiyohakikiwa.

Lugha ina sehemu yake. Wazee wengi wa vijijini hujieleza vizuri zaidi kwa Kijita, Kizanaki, Kiikizu au Kikwaya kuliko kwa Kiswahili, hivyo ndugu hugeuka mkalimani. Ndugu huyo hufupisha, hulainisha, na mengine huyameza kabisa. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, humlazimu daktari kuuliza juu ya kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Mtoto wa kiume hawezi kumuuliza mama yake mzazi swali hilo, na mama hawezi kulijibu mbele yake. Nesi wa kike anayejua lugha ya mgonjwa anafaa zaidi kwa kazi hiyo, na ni haki kijana aombwe kwa heshima asubiri nje.

Jambo gumu kuliko yote ni ombi linalonong’onwa mlangoni: “Dokta, tunaomba mzee usimwambie.” Hutoka kwenye upendo, na wala si tabia ya Afrika peke yake. Mwaka 1961 Donald Oken aliwauliza madaktari wa hospitali moja ya Chicago, na takriban asilimia 90 walisema hawapendelei kumwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Utafiti kama huo nchini Marekani mwaka 1979 ulikuta asilimia 97 wakipendelea kumwambia. Butiama yenyewe ilimzika Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, na taifa zima likajua ugonjwa wake. Hata hivyo katika nyumba nyingi ugonjwa huo bado hufichwa kwa mwenye mwili. Mzee asiyejua anaumwa nini hana sababu ya kurudi Mwanza kwa dripu ya tatu, hasa ile ya pili ikiwa ilimtapisha siku nne. Mwongozo wa hatua sita wa kutoa habari nzito, uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, unamtaka daktari kwanza ajue mgonjwa anaelewa nini na anataka kuelezwa kiasi gani. Kwa Mara swali linaweza kuwa hivi: “Mzee wangu, majibu yakija, nikueleze wewe, nizungumze na kijana wako, au tukae wote?” Jibu lolote atakalotoa ni lake, na familia huliheshimu kwa kuwa limetoka kinywani mwake.

Lengo la matibabu nalo lisemwe waziwazi: ni kuponya, au ni kupunguza makali na kurefusha maisha? Hata Marekani, utafiti wa Jane Weeks na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta asilimia 69 ya wagonjwa wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, na 81 ya wale wa utumbo mpana, hawakuwa wameelewa kwamba dawa walizopewa hazikutarajiwa kuwaponya. Familia inayouza ng’ombe ili mama atibiwe inastahili kulijua hilo kabla ya ng’ombe kwenda mnadani.

Kwa watoto kosa huelekea upande wa pili. Saratani ya Burkitt, ambayo imechunguzwa na kutibiwa kwa miongo mingi Shirati, kaskazini mwa mkoa huu, huvimbisha taya, lakini uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dawa za kwanza. Mzazi ambaye hakuelezwa huona mtoto amepona, akamrudisha shuleni. Seli zilizobaki huota upya, na mtoto ambaye angeweza kupona kabisa hupotea.

Kisha ipo homa. Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, wakati ambapo mgonjwa ameshafika nyumbani Bunda. Joto likifika nyuzi 38 siku hizo, ni dharura inayohitaji antibayotiki haraka. Mara ni nchi ya malaria, hivyo mhudumu wa zahanati hufikiria malaria kwanza. Hata kipimo kikisoma malaria, maambukizi ya bakteria yanaweza kuwapo pamoja nayo. Mgonjwa au anayemuuguza anapaswa kusema tangu mlangoni: “Yuko kwenye dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.” Sentensi hiyo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari la kliniki pamoja na namba ya simu ya wodi, inaweza kuokoa maisha.

Simu inaweza kufanya zaidi ya hapo. New York, katika utafiti wa Ethan Basch na wenzake wa wagonjwa 766, walioripoti dalili zao kwa kompyuta kati ya miadi, na manesi wakaarifiwa zilipozidi, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, dhidi ya 26 kwa wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2017. Ocean Road nayo ilijaribu mfumo wa simu uitwao mPalliative Care Link kwa wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani: mgonjwa au ndugu yake hujibu maswali ya dalili, na majibu huonwa na daktari bingwa pamoja na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa. Mpango wa namna hiyo unaihusu Mara moja kwa moja, kwa sababu unamuingiza mhudumu wa zahanati, ambaye kwa kawaida hupata habari za mgonjwa mwisho kuliko wote.

Mhudumu huyo ni wa lazima zaidi pale matibabu ya kuponya yanapokwisha na tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu, kubaki. Muuguzaji anahitaji kuelezwa kwamba morfini ya maji hunyweshwa kwa saa zilizopangwa bila kusubiri maumivu yarudi, kwamba hufunga choo na kwa hiyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha, na ni nani atakayeijaza chupa itakapokaribia kwisha.