Marufuku Ilivyowaonyesha Watu Njia

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini sheria iliyoipa kampuni ya ByteDance ya Uchina muhula hadi tarehe 19 Januari 2025, ama iiuze TikTok, iliyokuwa na watumiaji takriban milioni 170 katika nchi ile, ama ipigwe marufuku, kwa hoja kwamba siri za raia zingeweza kuangukia mikononi mwa dola ya kigeni. Muhula ulipokaribia kwisha, Wamarekani kwa maelfu ya maelfu wakahamia Xiaohongshu, programu iliyoasisiwa Shanghai mwaka 2013 na inayotawaliwa na lugha ya Kichina, wakajiita wakimbizi wa TikTok.

Ghadhabu yao haina ajabu. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akinyang'anywa hiari aliyoizoea, nafsi yake huzidi kuitamani. Na Miami ilipokataza sabuni za kufulia zenye fosfeti, watafiti waliwakuta wanawake wa huko wakizisifu kuliko wenzao wa Tampa, ambako zilikuwa zikiuzwa bado.

Lakini ghadhabu haimwambii mtu aende wapi, na hapa ndipo penye fumbo linalonishughulisha. Mtandao wa kijamii hauna faida kwa aliye peke yake. Anayehama sharti akisie wenziwe wataelekea wapi, ilhali hapana baraza lililokaa wala kiongozi aliyeamuru. Mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha mwaka 1960 kwamba watu wasioweza kushauriana hukutana pale ambapo kila mmoja anadhani mwenziwe atapafikiria: alipowauliza watu wangekutana wapi mjini New York bila ya kuagana, wengi walitaja stesheni ya Grand Central. Instagram ilikuwa karibu, tena ya lugha yao, lakini kuhamia huko kusingekuwa upinzani wa chochote. Serikali yenyewe, kwa kuitaja Uchina kuwa ndiyo hatari, ndiyo iliyowaonyesha wapinzani wake pa kukutana, ingawa ni haki kusema kwamba walikohamia maneno hudhibitiwa kwa ukali zaidi.

Wenyeji waliwakaribisha kwa bashasha, wakawadai picha za paka wao kuwa ndiyo kodi ya kuingilia, na wanafunzi wa Uchina wakaomba msaada wa kazi zao za Kiingereza. Nayo kampuni ya Xiaohongshu ikaharakisha kutia chombo cha kutafsiri.

TikTok ilizimwa usiku wa tarehe 18 Januari, ikarudi siku ya pili yake, na tarehe 20 Rais Donald Trump akaahirisha marufuku kwa siku 75. Wengi wakarejea, kwani wafuasi waliokusanywa kwa miaka, na wateja wanaowapatia wachuuzi wadogo riziki yao, hawabebeki kwenda programu nyingine.