KIVINJARI KIKIGOMA KATIKA KOMPYUTA KUUKUU: TUANZIE WAPI?



Siku hizi mambo mengi ya mfanyakazi yamehamia kwenye intaneti. Taarifa ya akiba ya uzeeni, maombi ya mafao na matangazo ya kazi, yote haya twaambiwa tuyatafute kwenye kompyuta. Lakini kompyuta tulizo nazo majumbani na katika matawi yetu nyingi ni za zamani, tena zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Basi kile kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ambayo wengi wetu twaiita brauza, kikigoma, mfanyakazi hupoteza haki yake kwa sababu ya mashine.

Jambo hili limetukuta. Mzee mmoja mstaafu, mwanachama wetu wa miaka mingi, alikuja ofisi ya tawi na kompyuta yake zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya mwisho wa kupeleka fomu yake ya mafao. Kila alipofungua ukurasa, kivinjari kilimwonya kwamba mahali pale si salama, na kikakataa kwenda mbele. Fundi mmoja mjini alikuwa amemwambia kwamba mashine imekufa, anunue nyingine. Mzee hakuwa na fedha za kununua nyingine. Tulikaa naye mchana mmoja, na tuliyojifunza siku ile ndiyo tunayowaeleza hapa, hatua kwa hatua.

Kwanza: tujue ugonjwa uko wapi

Tusianze kufuta na kuweka programu kabla ya kupima. Tufungue kurasa tatu au nne za mahali mbalimbali. Ikiwa hakuna hata mmoja unaofunguka, tujaribu simu kwenye intaneti ile ile. Simu nayo ikishindwa, kosa ni la mtandao, na kivinjari hakina hatia. Simu ikifungua na kompyuta ikakataa, kosa limo ndani ya kompyuta. Ikiwa ni ukurasa mmoja tu unaokataa popote pale, huenda wenye ukurasa ndio wenye hitilafu, tungoje.

Tena tusome maneno ya onyo. Wengi wetu huyafunga bila kuyasoma, na kumbe ndiyo yanayotaja ugonjwa.

Pili: tutazame saa

Kwa mzee wetu, onyo lilisema kwamba cheti cha ukurasa hakijaanza kutumika. Tukatazama pembeni mwa kioo, tukakuta kompyuta inasema ni Januari 2009.

Hapa yafaa tueleze. Kila ukurasa unaoanza na alama ya kufuli una cheti chake, mfano wa kitambulisho cha kazi. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta, kama askari wa getini anavyotazama kitambulisho chako. Askari akiamini kwamba leo ni mwaka 2009, kitambulisho kilichotolewa mwaka huu atakiona ni cha uongo. Hivyo kivinjari hakikuwa kibovu. Kilifanya kazi yake kwa saa mbovu.

Na kwa nini saa ilirudi nyuma? Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mkuu, mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu. Ndiyo inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Katika kompyuta nyingi za mezani ni betri iitwayo CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Baada ya miaka kadhaa huisha. Ukirekebisha saa bila kubadili betri, kesho yake ukichomoa waya, saa itapotea tena.

Kubadili si kazi kubwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kifungo cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu kwa bisibisi. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa ubao. Angalia upande gani wa betri umetazama juu. Mara nyingi ni ule wenye alama ya kujumlisha. Sukuma kishikizo, toa ya zamani, weka mpya vivyo hivyo. Washa, kisha weka tarehe, saa na mwaka kwa usahihi. Betri hii huuzwa hata kwa mafundi wa saa. Kompyuta za kukunja ni tofauti, kwa kuwa nyingine betri yake ina waya na imefichwa. Hizo tumwachie anayezijua.

Tatu: tutazame umri wa kivinjari

Baada ya kubadili betri, onyo liliondoka. Lakini ukurasa ulitokea nusu, na kitufe cha kupelekea fomu hakikuonekana. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili: kivinjari chenyewe kilikuwa cha miaka mingi, na kurasa za leo zimeandikwa kwa namna asiyoielewa mzee yule wa chuma.

Hapa hatuna budi kujua mipaka. Kivinjari hutegemea mfumo unaoiendesha kompyuta. Windows XP iliachwa na waliyoitengeneza tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Watengenezaji wa vivinjari nao huacha mifumo ya zamani. Kwa Windows 7, toleo la mwisho la Chrome ni la 109, lililotoka Januari 2023. La Firefox ni la 115, lile la huduma ya muda mrefu. Kwa hiyo mwenye Windows 7 asihangaike kulazimisha toleo jipya zaidi, halitaingia. Ama Internet Explorer, ile ya herufi e ya buluu, ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Tusiitegemee kwa lolote.

Tena vyeti vyenyewe vina wakubwa wao wanaovidhamini, na wakubwa hao nao wana mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikubwa kilichodhamini kurasa nyingi sana duniani kilikwisha muda, na mashine nyingi za zamani zikaanza kukataa kurasa zilizo salama kabisa. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya wadhamini, bila kutegemea ile ya Windows, na ndiyo maana huwa msaada katika kompyuta kuukuu. Lakini hata yenyewe haikusalimika: cheti chake kimoja kilikwisha tarehe 14 Machi 2025, na matoleo yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa wenye lile la muda mrefu, yakaanza kupata hitilafu, hasa kwenye viongezo vyake.

Mzee alikuwa na Windows 7. Tukaichukua Firefox ya 115 kwa watengenezaji wenyewe kwa kompyuta ya tawi, tukaileta kwa flashi. Ukurasa ukafunguka wote, na kitufe kikaonekana.

Nne: kivinjari ni kipya lakini ni kizito

Ikiwa toleo si la zamani na bado kinakwama, tufanye haya kwa utaratibu:

1. Tubonyeze pamoja Ctrl, Shift na Delete, kisha tufute ile hifadhi ya muda ya picha na kurasa. Tuangalie tusifute maneno ya siri kwa bahati mbaya.

2. Tuondoe viongezo na vibao tusivyovijua. Mara nyingi viliingia pamoja na programu za bure, na ndivyo vinavyokula nguvu ya mashine. Katika Firefox, ukishikilia Shift huku ukiifungua, hukupa njia ya kuifungua bila viongezo. Ikienda vizuri hivyo, mwizi umempata.

3. Bado ikisumbua, tuandike about:support mahali pa anwani. Hapo pana kitufe cha kuirudisha Firefox katika hali yake ya mwanzo. Alama za kurasa na maneno ya siri hubaki. Viongezo na mipangilio huondoka.

4. Tutazame kumbukumbu na diski. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu haiwezi kubeba kurasa kumi kwa mara moja. Tufungue mbili, na diski tuiachie nafasi.

Tano: tujihadhari na matapeli

Kabla ya kutufikia, mzee alikuwa amekutana na tangazo jekundu lililosema kivinjari chake kimepitwa na wakati, abonyeze hapo apate kipya. Bahati yake mashine ilikuwa nzito! Matangazo ya namna hiyo ni mtego wa kuingiza programu za wizi. Kivinjari kichukuliwe kwa mtengenezaji wake tu. Vile vile, onyo la cheti likitokea na saa ni sahihi, tusilazimishe kupita, hasa penye fedha au neno la siri.

Na tuseme kweli: kompyuta ya Windows 7 hata ikitengenezwa hivi, milango yake mingine haina mlinzi tena. Itumike kusoma na kujaza fomu pasipo na budi. Mambo ya benki tuyafanye kwenye mashine yenye huduma. Anayetaka kuiokoa zaidi ana njia ya Linux, mfumo usiolipiwa, ambao matoleo yake mengi huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa yaliyomo katika diski. Kabla ya kuuweka moja kwa moja, tunakili kwanza barua, picha na hati zetu mahali pengine.

Fomu ya mzee ilikwenda siku ile ile, na risiti yake tuliichapa mbele yake. Gharama yote ilikuwa betri moja. Tunashauri kila tawi liwe na bisibisi, betri mbili za CR2032 na flashi yenye vivinjari vilivyotajwa hapa, na watu wawili waliofundishwa hatua hizi. Mwanachama akiambiwa kwamba mashine yake imekufa, aje kwanza tawini tuitazame pamoja kabla hajatoa fedha yake.

Umoja ni nguvu.